Kabati la Macho

Nyumba za Naitiri zimeanza kuota macho. Zamani, na zamani hiyo si ya mbali, mtu akitaka kujua kama mwenye boma amejaliwa alitazama bati la paa, tangi la maji na idadi ya ng'ombe wa maziwa. Leo hutazama pembe za nyumba. Akiona juu yake vikombe vyeupe vinne vyenye vioo vyeusi katikati, vimeelekezwa huku na huku kama vichwa vya bundi, hujua kwamba mwenye nyumba ana mtoto afanyaye kazi Nairobi au ng'ambo, na kwamba mtoto huyo ameleta fedha ya kununua macho. Kutoka katika kila jicho hushuka waya. Nyaya hizo hupita juu ya dari, nazo hukutana ndani ya kabati dogo la chuma ambalo taa zake za kijani hupepesa usiku kucha. Kabati hilo ndilo nitakalo kulisema katika insha hii, na natangulia kukiri kwamba sikuja kulisifu.

Kwanza na tulifungue. Ndani yake mna ruta, chombo kiungacho nyumba na intaneti; mna swichi, ambayo kwa waya mmoja tu hupeleka umeme kwa kamera na kupokea picha; mna kinasa chenye diski ya kuhifadhia picha hizo; na chini kabisa mna betri ya kushika kazi umeme ukatikapo. Hapana uchawi hapa. Kijana wa kidato cha tatu mwenye mikono myepesi, akifundishwa kubana ncha za waya, na akikumbuka kwamba waya wa namna hii hautakiwi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kamera, aweza kulipanga kabati zima kwa siku moja. Wako waliofanya hivyo. Basi ugumu wenyewe huanza siku ya pili, mpangaji akiisha kwenda zake na mwenye nyumba akabaki na ufunguo.

Maana kabati hili ni ghala. Mtu wa Naitiri hahitaji kufundishwa ghala ni nini. Anajua kwamba mahindi hayaingizwi kabla ya kukauka. Anajua kwamba ghala huinuliwa juu ya ardhi kwa ajili ya unyevu na panya. Anajua idadi ya magunia yake, na anajua mkono ushikao ufunguo. Lakini mtu huyu huyu, aliye mwangalifu hivi kwa mahindi, hulipuuza ghala la pili kama kwamba ni tupu. Si tupu. Limejaa mapito ya watu: mwanamke aendaye mtoni na ndoo, mtoto aliyechelewa shule, mlevi ayumbaye njiani saa sita ya usiku, jirani aliyekuja kwa aibu kukopa nauli ya hospitali. Mahindi ni mali ya mwenye ghala. Mapito ya watu si mali yake, ijapokuwa yamepita mbele ya nyumba yake. Kwa hiyo mimi nasema kwamba mwenye kuweka kabati la macho hana budi kulielekeza jicho lake mlangoni kwake, kulifunga ghala lake, na kuwa tayari kuulizwa habari zake. Na asiyeweza hayo, heri abaki na ua la michongoma na mbwa.

Watetezi wa macho hunijibu kwa sauti kubwa, na jibu lao lina uzito. Husema: wewe hukuibiwa. Nchi hii ni nchi ya mahindi. Mashamba yake yalikatwa katika mashamba makubwa ya walowezi na kugawanywa kwa wakulima katika miaka ya 1960, na tangu hapo maisha ya nyumba nyingi yamefungwa ndani ya gunia la kilo 90. Tangu Oktoba hadi Desemba mavuno husimama barazani yakingoja bei, na mwizi naye hujua kalenda. Ng'ombe mmoja wa maziwa akiondoka usiku, karo ya mwaka mzima imeondoka naye. Mimi sibishani na mtu aliyeamka alfajiri akakuta kamba imekatwa. Akitaka kulia, na alie. Akitaka kununua macho, na anunue.

Walakini na tuulize jicho hufanya nini mwizi ajapo. Halifungi mlango. Halibweki. Halipigi ukelele wa kuamsha kijiji, isipokuwa limeunganishwa na king'ora, na wengi hawaunganishi. Gizani huona kwa mwanga usioonekana na binadamu, na kwa mwanga huo mtu aliyejifunika kofia hatua thelathini mbali ni kivuli cha kijivu tu. Kazi yake ni kushuhudia. Tumenunua shahidi tukadhani tumenunua mlinzi. Nalo ni kosa kubwa, kwani mlinzi huulizwa kama alikuwa macho, bali shahidi huulizwa mambo mengi zaidi: alisimama wapi, aliona kiasi gani, na nini kilitokea kabla hajafika na baada ya yeye kuondoka.

Asili ya chombo hiki ina mafundisho. Mwaka 1966 mwuguzi mmoja, Mmarekani mweusi aliyeitwa Marie Van Brittan Brown, mkazi wa Queens katika jiji la New York, aliomba pamoja na mumewe Albert hati ya kulinda uvumbuzi wao, na hati hiyo ilitolewa mwaka 1969. Mama huyu alikuwa akibaki peke yake nyumbani saa zisizo za kawaida, na polisi walichelewa waitwapo. Basi mlangoni pake paliwekwa matundu manne, moja juu ya jingine, ili mrefu na mfupi wote waonekane. Kamera ilipanda na kushuka nyuma ya matundu hayo. Picha ikatokea katika televisheni chumbani. Naye aliweza kusema na mgeni, kumfungulia mlango kwa swichi, au kuita msaada. Tazama jicho lile lilitazama wapi. Lilitazama mlango wake mwenyewe. Aliyeonekana ni yule aliyekuja kubisha hodi, akijua kwamba amebisha, na mdomo wake ulikuwa huru kujieleza. Kamera zetu za Naitiri zimesahau mlango. Hupandishwa juu ya nguzo ili zione mbali, na mwenye nyumba hujisifu kwa wageni kwamba jicho lake laona mpaka kwa fulani. Kwa fulani kuna nini cha kwake?

Nilishuhudia shauri moja, na kwa kuwa wenyewe wako hai sitataja boma wala majina. Mwenye boma alisafiri wakati wa mavuno akarudi baada ya majuma matatu. Akahesabu magunia, akakuta sita hayapo. Hakuita mtu wala hakuuliza mtu; aliliendea kabati. Hapa sharti nisimame kidogo nifanye hesabu, kwa sababu katika hesabu hii ndimo msiba ulimojificha. Kamera moja inasayo biti milioni 4 kwa kila sekunde hutumia gigabaiti 43 hivi za diski kwa siku. Kamera nne hutumia 173 hivi. Diski ya terabaiti 2, kama ile iliyokuwa ndani ya kabati lile, hujaa kabla siku ya kumi na mbili haijaisha, na ikijaa kinasa hufuta picha za zamani ili kuandika mpya juu yake. Mwenye boma alikuwa hayuko siku ishirini na moja. Siku tisa au kumi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kufutwa, naye hakujua. Alimtafuta mwizi katika siku zilizobaki.

Na katika siku zilizobaki alikuwamo mtu. Saa tatu ya usiku mmoja kijana wa kazi alionekana akitoka upande wa ghala na gunia begani, akapita mlango wa nyuma, akapotea. Hayo tu, sekunde kumi na moja. Jioni ile mtoto wa boma aliipeleka picha katika simu za majirani, na simu za majirani zikaipeleka kwingine, na kabla jogoo hajawika Naitiri nzima ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Asubuhi vijana wenzake walimngoja sokoni kwa fimbo na mawe. Kila msomaji wa Kenya anajua neno "mwizi" likipigiwa kelele sokoni huishia wapi. Alinusurika kwa kuwa mama mmoja muuza mboga alimsukuma nyuma ya kibanda chake akasimama mlangoni na kisu cha kukatia sukuma wiki, akawaambia watangulie kumpita yeye.

Mchana mzee mmoja, mkulima wa tangu ujana wake, akaomba kuonyeshwa picha. Akaitazama mara mbili. Kisha akauliza: "Huyu amelishika gunia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika simu, naye anatembea kama mtu aendaye ngomani. Nani kati yenu aliyepata kubeba kilo 90 hivi?" Watu wakanyamaza. Ndipo bibi wa boma lile, ambaye usiku ule alikuwa jikoni na tangu hapo hakuulizwa neno na mtu yeyote, akasema kwamba gunia lile lilikuwa la magunzi, na kwamba ni yeye aliyempa kijana ampelekee mamaye kuni za kupikia. Mwenye boma aliomba radhi. Aliiomba sebuleni, mbele ya watu watano. Picha ilikuwa katika simu za watu wasiohesabika, na radhi haikutumwa huko. Kijana aliondoka kwenda Kitale kutafuta kazi nyingine, na hajarudi. Magunia sita hayakupatikana.

Jicho halikusema uongo. Neno hili hupenda kukaririwa na watetezi, nami nakubali: lilisema kweli ya sekunde kumi na moja. Uongo ulitiwa na mtu aliyeichukua kweli hiyo ndogo akaishona juu ya tuhuma yake kubwa. Mahakama hujihadhari na jambo hili. Sheria ya Ushahidi ya Kenya haitosheki na mtu kuinua simu na kusema tazameni. Hutaka cheti kielezacho jinsi picha ilivyotolewa katika mtambo, nacho kitiwe sahihi na mtu aliyekuwa na madaraka juu ya mtambo huo. Soko halitaki cheti. Ndiyo maana picha ya wizi mahali pake ni kituo cha polisi, na mtu aipelekaye kwa majirani kabla ya hapo ameitisha mahakama isiyo na hakimu.

Yako maneno ya sheria ambayo ni vizuri vijana wayajue mapema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na ndani ya haki hiyo mna kwamba habari za jamaa yake na mambo yake ya siri zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo lazima. Sheria ya Kulinda Data ilifuata mwaka 2019. Sheria hiyo humsamehe mtu awekaye habari kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu, na wenye kamera hushangilia wasomapo hapo. Wasisahau lile neno "tu". Mtu mmoja wa Jamhuri ya Cheki alivunjiwa madirisha, akaweka kamera chini ya paa lake. Ikanasa mlango wake, na njia ya umma, na mlango wa nyumba iliyoelekea kwake. Ilimfaa hata washukiwa wawili wakajulikana. Hata hivyo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, mwezi wa Desemba mwaka 2014, kwamba jicho lifikalo njia ya umma haliwezi kuhesabiwa kuwa jambo la nyumbani tu. Hukumu ile si sheria ya Kenya, lakini mantiki yake haihitaji pasipoti. Nyumbani kwangu huishia kwenye ua wangu.

Kuna jambo la kuchekesha na la kuogofya pamoja. Mtu hununua kabati kwa ajili ya usalama, kisha huacha kinasa chake na neno la siri lililotoka nalo kiwandani, ambalo kila aliyenunua kinasa kama hicho analijua. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikibisha hodi katika vyombo vya namna hii, ikijaribu jozi 60 hivi tu za majina na maneno ya siri ya kiwandani. Ilifunguliwa. Iliteka mamia ya maelfu ya kamera, vinasa na ruta, na mwezi wa Oktoba mwaka ule vyombo hivyo vilitumiwa kuilemea kampuni ya Dyn huko Marekani, hata watu wengi wakashindwa kwa muda kuzifikia tovuti mashuhuri. Wenye kamera walikuwa wamelala. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa kabatini na kilikuwa kikipepesa taa. Basi neno la siri libadilishwe siku ile ile ya kufunga mtambo, kamera zitengewe njia zake mbali na simu za wageni, na kinasa kisiachwe wazi kwa intaneti ati ili mtoto aliye ng'ambo atazame kuku wakila.

Mambo mengine ni ya fundi, nitayapita upesi. Kabati likae ukutani, ndani ya chumba kifungwacho, si sebuleni kama picha ya harusi, maana mwizi aingiapo aling'oe pamoja na ushahidi wake. Lipate hewa, kwa kuwa diski hutoa joto. Lisiwe karibu na mahali pa kupukuchulia mahindi, kwani vumbi lake hupenya kila tundu. Panya hupenda waya. Radi ya upande huu wa nchi hainaga simile. Waya uendao nje hadi langoni ni mwaliko kwake, na asiyeweka kinga na chuma cha kuupeleka umeme ardhini atanunua kabati mara mbili.

Lakini kuna jicho moja ambalo siwezi kulipita upesi, nalo ni lile la jikoni. Wako waliomwekea mtumishi wa nyumbani kamera juu ya meko, pengine bila ya kumwambia. Wanasema wanalinda watoto. Binti huyo mara nyingi ni wa umri wenu ninyi msomao ukurasa huu. Amekosa karo, akaja kufanya kazi katika nyumba ya watu. Hulala chumba kimoja na magunia, hula wa mwisho, na sasa hata kujikuna kwake kunahifadhiwa katika diski kwa siku kumi na mbili. Mtoto hulindwa kwa kumchagua mlezi vizuri, kumlipa kwa wakati na kurudi nyumbani mapema. Kama mzazi aona lazima kuweka jicho, na amwambie binti kwa mdomo wake, akimwonyesha lilipo na lisipofika. Na chumba alalamo na mahali aogapo pasikaribiwe kabisa. Mtu asiyethubutu kumwambia mwenziwe "ninakutazama" anajua mwenyewe kwa nini hathubutu.

Serikali ya Kenya ilipoleta mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa mfano wa mabalozi wa nyumba kumi kumi waliojulikana Tanzania tangu miaka ya 1960, wengi waliubeza. Una kasoro zake, na mabaraza mengine hugeuka kuwa vijiwe vya umbea. Hata hivyo ndani yake mna jambo moja ambalo kabati halina: jirani anayeona huweza kuulizwa, naye huweza kuuliza. Yule mzee wa magunzi hakuwa na waya wala diski. Alikuwa na mabega yaliyobeba magunia miaka hamsini. Boma lile lingalimwita yeye na bibi wa nyumba kwanza, kabla ya kulifungua kabati, shauri lingalikwisha kabla ya chai.

Nilipita huko mwezi uliopita. Kamera ya nguzoni bado imeelekezwa kwenye njia iendayo mtoni, kama ilivyokuwa. Hakuna aliyepanda ngazi kuigeuza, nayo ni kazi ya dakika tano na bisibisi moja. Lakini njia yenyewe imeota majani. Mama wa kijana yule ndiye aliyeanza kuzunguka nyuma ya shamba la miwa, na wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja. Ni mwendo wa robo saa zaidi, na wa kupanda kilima ndoo ikiwa imejaa. Huko nyuma nyasi zimekwisha kulala na udongo mwekundu umejitokeza.